Jaa na Moyo wa Jirani



Enyi ndugu zangu. Nyote mwajua kwamba aliyekula kitunguu thaumu amekatazwa kuukaribia msikiti, asije akawaudhi wanaosali. Hiyo ni harufu ya kinywa kimoja, tena kwa muda mchache! Basi niambieni, ni ipi hukumu ya harufu ya mji mzima, impatayo mtu kitandani mwake kila usiku, naye hana pa kukimbilia?

Mwaikumbuka Kibarani. Miaka mingi aliyeingia Mombasa kwa njia ya Makupa alipita akiziba pua. Mwaka 2018 jaa lile likafungwa, miti ikapandwa, tukafurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini taka hazikupaa mbinguni: zilipelekwa Mwakirunge, upande wa Kisauni, nako kuna watu.

Madhara ya moshi na nzi kwa kiwiliwili yajulikana. Yasiyotajwa ni ya moyoni. Akaaye karibu na jaa huona haya kukaribisha mgeni. Hufunga madirisha kwa joto lote la kaskazi, asipate usingizi. Hasira humpanda upesi juu ya mkewe na wanawe. Na kila gari la taka lipitapo mlangoni pake ni kama lamwambia kwamba yeye na hizo ni mamoja. Hiyo ni dhila, nayo ikikaa sana mtu huisadiki. Sisemi wote wamevunjika. Wako huko wenye subira itushindayo sisi. Walakini subira yao haitupi ruhusa ya kuwazidishia.

Pengine hata akili yenyewe huguswa. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2007, uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi damuni kupita kadiri iliyokubaliwa. Sumu hiyo hupunguza fahamu ya mtoto na utulivu wake. Na jaa lile lilikwisha kutangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Taka hazikukoma kwenda.

Mtume wetu aliapa mara tatu kuwa haamini ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Tumezoea kudhani jirani ni wa ukuta kwa ukuta. Mimi naona afikiwaye na taka zako ni jirani yako, ijapokuwa humjui jina. Basi maganda ya jikoni yatengeni yawe mbolea, na betri zilizokwisha msizichanganye nayo. Na siku tuwaendeapo wakubwa wa mji kuomba mitaa yetu isafishwe, tuwaulize papo hapo taka zapelekwa wapi, na ni nani akaaye huko.