Mlima Hauwezi Kutubu

Tunapofundisha juu ya kutunza uumbaji, swali hili hurudi mara kwa mara: ikiwa milima ya volkano yenyewe hutoa hewa ya ukaa, kwa nini moshi wetu uhesabiwe kuwa kosa?

Ni kweli, milima hutoa. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, huitoa hata usipolipuka. Huko Goma hewa hiyo, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mabonde. Wenyeji huiita mazuku, nayo imeua watu na mifugo. Mwaka 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun liliitoa usiku kwa ghafla, wakafa watu wapatao 1,700.

Hata hivyo, volkano zote duniani hazifikii asilimia 2 ya hewa ya ukaa tunayoitoa wanadamu kila mwaka. Na hata kama zingelingana nasi, je, tungekuwa na udhuru? Adamu alimtaja mkewe, naye mkewe akamtaja nyoka. Wote wawili walisema kweli, lakini kweli hiyo haikumwondolea yeyote hatia yake.

Mlima haukupewa amri, hauna dhamiri, wala hauwezi kutubu. Sisi tunaweza. Mzazi wa Goma anayelijua bonde la mazuku humkataza mwanawe kucheza humo. Haishii kuilaumu ardhi. Nasi, tukiisha kujua kwamba moshi wetu unamdhuru jirani, tunadaiwa.