Sadaka ya Mariamu na Yusufu

Somo: Luka 2:22–24 na Walawi 12:6–8



Habari za kuzaliwa kwa Bwana twazijua tangu utoto wetu. Watoto huziigiza kanisani kila mwaka: mmoja amevaa shuka, ndiye Yusufu, mwingine ameshika fimbo, ndiye mchungaji, na mtoto wa watu hulazwa katika hori. Walakini iko habari fupi inayofuata, ambayo wengi wetu huipita mbio, kwani siku isomwapo nyama imekwisha kuliwa na wageni wameanza kufunga mizigo. Mwinjili Luka aeleza ya kwamba siku za kutakaswa zilipotimia, Yusufu na Mariamu walimpandisha mtoto mpaka Yerusalemu, wakatoa sadaka. Je! ilikuwa sadaka gani? Ndege wawili tu.

Yeye asomaye Agano la Kale ataitambua maana yake. Torati ilimwagiza mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume angoje siku 7, kisha siku 33, ndizo siku 40. Halafu alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Lakini Torati hiyo hiyo iliwahurumia wasio na kitu. Mwanamke ambaye mali yake haikutosha kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta ndege wawili, na kuhani alimfanyia upatanisho sawasawa na mwenzake aliye tajiri. Basi Luka, pasipo kulitaja neno umaskini, ametufungulia mlango wa nyumba ya Bwana wetu tuone yaliyomo. Ilikuwa nyumba ya ndege wawili.

Tuyashike mambo mawili katika habari hii. La kwanza, Bwana wetu alilelewa na watu maskini. Hili twalisema mara nyingi. La pili hatulisemi sana: watu wale maskini walitoa. Hapana kuhani aliyemwambia Mariamu aketi kando kwa kuwa yeye ni mtu wa kupewa. Alisimama penye safu ya watoao, na ndege zake mkononi, akapokewa. Tena ajabu ya Mungu ni hii: wazazi wale hawakuwa na mwana-kondoo wa kuleta, kumbe mikononi mwao walimbeba Mwana-Kondoo wa Mungu mwenyewe.

Sasa tuzitazame sikukuu zetu. Sisi tukaao katika miteremko ya Kilimanjaro twajua Desemba ilivyo. Mabasi hupanda kutoka Dar es Salaam, Arusha na miji mingine, yamejaa wana na wajukuu warudio kihambani kwa wazee wao. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa na kufagiliwa. Mbuzi huchinjwa, ndizi hupikwa. Kanisa ambalo Jumapili nyingine lina watu wachache hujaa, hata wengine wakasimama nje na kusikiliza madirishani. Jambo hili ni jema. Mwana amkumbukaye mama yake ameishika amri ya Mungu, wala asiwepo mtu wa kulidharau.

Lakini iangalieni nyumba ambayo hapana mtu aliyerudi kwake. Yupo mjane ambaye wanawe wamekufa. Yupo mzee ambaye mwanawe alishuka mjini, na miaka imepita asilete hata salamu. Yupo msichana awaleaye wadogo zake, kwa kuwa wazazi hawapo. Siku nyingine za mwaka shida yao haionekani sana, kwani majirani nao wana shida. Siku ya Noeli hufunuliwa. Moshi wa nyama wapanda migombani kulia na kushoto, na moto wa jikoni kwao wachemsha maji matupu.

Mtu atasema, "Hayo twayajua, nasi huwachangia." Ni kweli, na Mungu awabariki. Ila twataka kuuliza neno moja: huwachangia namna gani?

Katika usharika mmoja mdogo, ambao hatuutaji kwa kuwa jambo hili lingeweza kutokea po pote, watu walichanga mchele, sukari, mafuta na sabuni kwa ajili ya wahitaji. Nia yao ilikuwa njema. Baada ya mahubiri majina yakasomwa, mmoja mmoja akaitwa mbele kupokea furushi lake. Watu wakapiga makofi, na vijana wakapiga picha. Mama mmoja mzee alipoitwa hakuinuka. Jina likasomwa mara ya pili. Akainamisha uso, na ibada ilipokwisha akatoka upesi pasipo kumwamkia mtu. Akina mama walipomfuata kwake, aliwaeleza ya kwamba tangu ujana wake huleta mayai kanisani, na kwamba hata siku ile alikuwa nayo matatu katika kitambaa. Lakini aliposikia ametajwa miongoni mwa wapewao, aliona haya kuyapeleka, akarudi nayo nyumbani.

Ndugu, mayai yale matatu ndiyo ndege wawili wa Mariamu. Furushi lile lingalimpa mama chakula cha juma moja. Lakini kwa jinsi lilivyotolewa lilimwondoa mahali pake katika safu ya watoao, ambapo amesimama maisha yake yote. Hasara hiyo haipimwi kwa kilo za mchele.

Kwa nini twaanguka katika jambo hili, na hali tunao upendo? Sababu yake imo katika imani yetu, wala si katika mikono yetu tu. Kanisa letu lafundisha ya kwamba mtu ahesabiwa haki kwa imani, pasipo kuinunua neema kwa matendo. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, akaonyesha humo kwamba yeye aliyekwisha kupewa yote na Kristo hana haja tena ya kujitafutia wokovu kwa kazi zake; kwa hiyo kazi zake zote zimekuwa huru kumfaa jirani. Kabla ya siku zile wengi walifundishwa kuwa sadaka wampayo mwombaji huwapatia stahili mbele za Mungu. Hivyo maskini aligeuka kuwa ngazi, na mwenye mali alikanyaga juu yake apate kupanda. Sisi twasema tumeiacha njia hiyo. Lakini tukimwita mjane mbele ili sisi tupigiwe makofi, je! hatukuisimamisha tena ngazi ile ile, ingawa safari hii twapanda kutafuta sifa za watu?

Watu wa Matengenezo hawakuishia katika kuandika vitabu. Katika nchi ya Saksonia uko mji mdogo uitwao Leisnig, kando ya mto Mulde. Mwaka 1523 usharika wa mji ule uliweka sheria ya sanduku la wote, na Luther mwenyewe aliiandikia dibaji. Sanduku lile liliagizwa liwe na kufuli nne mbalimbali. Ufunguo mmoja ushikwe na masharifu, mmoja na baraza la mji, mmoja na wenyeji wa mjini, na mmoja na wakulima wa vijijini. Wasimamizi walikuwa kumi, waliochaguliwa katika makundi hayo manne, nao waliagizwa wakutane kila Jumapili. Katika sanduku lile wasaidiwe yatima, wazee wasioweza kazi, na watu wa nyumbani walioanguka katika shida. Mchungaji na shule watunzwe. Nafaka iwekwe akiba kwa siku za njaa.

Haikuwa kazi nyepesi. Baraza la mji lilisita kuziachia mali zilizopasa kuingia sandukuni, na ugomvi ukatokea. Palipo na fedha na wanadamu, huwa hivyo. Lakini tuziangalie zile kufuli nne. Mtu mmoja hakuweza kulifungua sanduku peke yake, na kwa hiyo mtu mmoja hakuweza kusema, "Mimi nimekulisha." Mkulima alikuwa na ufunguo kama sharifu. Na yeye aliyepewa alipewa na usharika wake, ambao yeye mwenyewe ni kiungo chake; hakupewa na bwana fulani. Misioni ya Leipzig, iliyofika Machame mwaka 1893, makao yake yamo katika Saksonia hiyo hiyo. Ni haki yetu kuirithi hekima hii pamoja na Katekisimo.

Labda mzee wa kanisa atajibu, "Usharika wetu ni mdogo, hatuna masharifu, hatuna mali. Tungojee watu wa mjini, au wafadhili wa ng'ambo." Twamjibu kwa upole. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8, awasifu makanisa ya Makedonia, ambayo yalikuwa katika umaskini mwingi, lakini yakasihi yaruhusiwe kushiriki mchango wa watakatifu. Hata karibu nasi liko somo. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walipoondolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sharika za Kilimanjaro zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Hazikufa. Walioshika kazi wakati ule hawakungojea kuwa wakubwa kwanza.

Tena udogo wa usharika ni baraka katika jambo hili. Katika usharika mkubwa mtu aweza kulala njaa na jirani yake wa kitini asijue. Katika usharika mdogo hapana nyumba isiyojulikana, wala hapana jiko ambalo moshi wake hauonekani. Basi wazee na walimu tuwashauri haya.

Katika majuma ya Majilio, kabla wageni hawajafika, waendeni watu wawili wawili katika mitaa, mkawaamkie wazee na wagonjwa. Msiende na daftari mkononi. Ketini, sikilizeni, aliye na haja atajulikana kabla hajaisema.

Kitu kinachotolewa na kipelekwe nyumbani, pasipo tangazo na pasipo picha. Naye akipelekaye asitue mzigo na kukimbia, bali aketi, apokee hata maji ya kunywa. Ukikataa maji ya mjane umemwambia ya kwamba hana kitu cha kukupa.

Mpeni nafasi ya kutoa. Akiwa na mayai, yapokeeni. Akiwa hana, aombwe kufundisha watoto wimbo, au kuwaombea wagonjwa, kwani sadaka hiyo nayo hupokewa mbele za Mungu. Nasi twaupenda mnada wa mazao nje ya kanisa, ambapo yai la maskini huinuliwa juu sawa na mkungu wa tajiri; hununuliwa, hurudishwa, huuzwa tena, watu wakicheka kwa furaha. Ukinunua yai hilo kwa furaha, umemheshimu aliyelileta. Ukilinunua ili jina lako litangazwe, umekwisha kupata thawabu yako pale pale uwanjani.

Mwisho, msilifunge sanduku siku ya pili ya Noeli. Januari mabasi yamekwisha kushuka, ndipo watoto watakiwapo sare na madaftari ya shule, na mvua za masika bado ziko mbali. Mwekeni sanduku dogo la wahitaji, na kufuli tatu zatosha: ufunguo mmoja kwa wazee, mmoja kwa akina mama, mmoja kwa vijana. Lifunguliwe mwezi kwa mwezi, hesabu isomwe mbele ya usharika, bali majina ya waliosaidiwa yasisomwe.

Nanyi wana wetu mnaorudi kutoka mijini, tunafurahi kuziona nyuso zenu. Mkiisha kula kwa mama zenu, vukeni mfereji mwende nyumba ya pili, kwa mama asiye na mwana wa kurudi. Mwamkieni kama mnavyomwamkia aliyewazaa. Huenda hilo likampendeza kuliko sukari.

Luka hakuimaliza habari yake kwa ndege wawili. Aendelea kusema ya kwamba saa ile ile alikuwako hekaluni Ana binti Fanueli, mjane wa umri mkubwa sana, naye akamshukuru Mungu na kuwaeleza habari za mtoto wote waliongojea ukombozi. Basi miongoni mwa wahubiri wa kwanza wa Noeli yumo mjane mzee. Kama mtu angalimweka kando pamoja na wapewao, asimpe nafasi ya kusema, ni nani angaliwaeleza watu wale wa Yerusalemu?

Mungu Baba, aliyempokea Mwana wake mikononi mwa maskini, atupe imani isiyotafuta sifa, na upendo usiomtia mtu haya. Awaangalie wote watakaokuwa peke yao sikukuu hii, naye atufanye sisi kuwa jirani zao. Amin.