Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Likizo iliyopita niliondoka Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kwenda kumtembelea mjomba wangu anayeishi Dodoma. Siku moja alitoa viti vya nyuma vya Hiace yake, akatandika magodoro, akapakia sufuria na madumu ya maji, tukaelekea Kondoa pamoja na binamu zangu wawili. Usiku tulilala garini katika kijiji cha Kolo. Asubuhi tuliandikisha majina, tukalipa kiingilio, tukapanda mlima na mwongoza wageni aliyezaliwa hapohapo.

Huko, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, miamba imejitokeza mbele kama mapaa ya nyumba. Chini ya mapaa hayo watu wa kale walijikinga na jua na mvua, wakachora twiga, pofu na watu wembamba kwa rangi nyekundu. Mary Leakey alinakili mingi ya michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliingiza eneo hilo, lenye mapango zaidi ya 150 yaliyochorwa, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tulipofika mbele ya mwamba wa Mungumi wa Kolo nilisema, "Kumbe watu waliishi hapa, kisha wakaondoka." Mwongozaji akanijibu kwa upole, "Hatujaondoka, dada."

Akaeleza kwamba wazee bado hupanda pale kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Katika matambiko hayo pombe ya nafaka hurushiwa mwamba, na pombe hiyo huweza kuharibu michoro. Ndiyo maana wahifadhi wana wasiwasi. "Babu yangu alikuja hapa na kibuyu," alisema, "mimi naja na kitabu cha wageni." Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani na swali: je, ni haki kumzuia mtu kutumia mahali pake patakatifu ili pahifadhiwe kwa ajili ya wote?

Anayejibu "ndiyo" ana hoja nzito. Rangi ikishafutika hairudi, na waliochora hawapo wachore tena. Zaidi ya hayo, wajukuu wa wazee hao ambao hawajazaliwa nao wana haki ya kuikuta michoro. Kizazi kimoja hakiwezi kumaliza kilichoachiwa vizazi vyote.

Hata hivyo, hoja hii inachukulia kwamba urithi ni kitu tu. Nyumbani kwetu kuna kinu ambacho bibi alikuja nacho kutoka kijijini. Ukingo wake umepasuka, na mama bado anatwangia isombe humo. Kaka yangu alipopendekeza tukiweke sebuleni kama pambo, mama alimuuliza, "Na isombe nitwangie kichwani kwako?" Mama hajasoma falsafa, lakini alijua kwamba kinu kisichotwanga ni gogo lenye shimo. Vivyo hivyo, mwamba usioombewa tena na mtu yeyote hubaki picha ukutani.

Mfano huu una mpaka wake. Kinu kikivunjika, fundi atachonga kingine. Mchoro haubadilishwi hivyo. Kwa hiyo sisemi kwamba wazee wafanye lolote. Nasema kwamba haki ya kutumia na wajibu wa kutunza haviwezi kutenganishwa, na anayetakiwa kujinyima ndiye anayepaswa kuamua namna ya kujinyima. Wazee wanaweza kukubaliana kumwagia pombe mahali pasipo na michoro. Uamuzi huo ukitoka katika baraza lao, tambiko linaendelea kuwa lao. Ukitoka kwenye kibao cha makatazo, wamegeuzwa wageni kwao.

Je, wakikataa? Hapa ndipo hoja yangu inaponiuma. Nimeiona michoro ile, na sitaki ipotee. Lakini najiuliza ni nani aliyeamua kwamba kutazama kwangu hakuna madhara, ilhali sala ya mzee ni uharibifu. Sisi pia tulitimua vumbi, na binamu yangu ilibidi akumbushwe mara mbili asiguse ukuta. Tofauti kati yetu na mzee ni kwamba sisi tulikuwa na tiketi. Kama ni lazima mtu fulani azuiwe, mgeni na azuiwe kwanza.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii husemwa kwa furaha mgeni anapobisha hodi, lakini nadhani imemwekea sharti: ujio wake upimwe kwa hali ya mwenyeji. Niliporudi Carama nilifungua simu nimwoneshe mama safari yetu. Nilikuwa na picha arobaini za mwamba. Mama akauliza, "Na huyo aliyewaongoza yuko wapi?" Nilizipitia zote. Hakuwamo hata katika moja.