Mshukuru Mwenzako kwa Jasho Lake



Wapendwa wana ndoa, Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kigango chetu hapa milimani Machakos aliniita kando. Akasema, "Mwalimu, nimechoka. Baba watoto akija mwisho wa mwezi hunihesabia kila shilingi aliyotuma. Husema mimi hukaa tu nyumbani."

Mumewe ni bawabu Nairobi. Si mlevi, wala hajawahi kuitupa jamaa yake. Kilichomuuma ni kwamba jirani amejenga nyumba ya mawe na kununua pikipiki, na kwake hakuna cha kuonyesha. Sasa alitaka kuuza kipande cha shamba kilicho mteremkoni, naye apate pikipiki ya biashara.

Nilikwenda kwao alipokuja. Sikumhubiria. Nilimwambia, "Ndugu, hebu nionyeshe hicho kipande." Tukateremka sisi watatu.

Palikuwa na matuta manne ya fanya juu. Aliyewahi kuishika kazi hiyo anaijua: unachimba mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, ukiukata mteremko, na udongo wote unautupa upande wa juu. Kisha unapanda nyasi juu ya tuta ili zishike udongo. Mwaka wa kwanza hakuna wa kukusifu. Ni baada ya miaka ndipo mteremko unakuwa kama ngazi, na maji ya mvua hutulia hapo badala ya kukimbia na rutuba yako.

Ng'ambo ya mpaka, mvua ya masika ya mwaka 2024 ilikuwa imechimba korongo la kumficha ng'ombe. Upande wao udongo ulikuwa mahali pake.

Mume akauliza, "Hili la chini ulichimba lini?"

Mkewe akajibu, "Mwaka ule nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba. Mwethya walinisaidia siku tatu. Palipobaki nikamaliza mwenyewe."

Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Sikujua." Na kila mwisho wa mwezi alikuwa akipita juu ya tuta hilo kwenda kwake!

Ndugu zangu, ugonjwa wa nyumba nyingi ni huo. Tunasifu kinachong'aa na kukanyaga kinachotubeba. Bwana wetu alisimulia habari za wajenzi wawili (Mt 7:24-27). Siku ya jua, nyumba zao zote mbili zilisimama. Mvua na mafuriko ndiyo yaliyoonyesha ni nani aliyejenga juu ya mwamba. Msingi hauonekani, na anayeuchimba mara nyingi hashukuriwi.

Milima yetu yenyewe inatufundisha. Katika miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa umemomonyoka vibaya. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, nao wakaichukia kazi ile; mengi yakaachwa yabomoke. Baada ya Uhuru vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, walichimba tena kwa hiari, na matuta hayo yanatulisha hadi leo. Ndoa nayo iko hivyo. Kazi inayofanywa kwa kukaripiwa haidumu. Kazi inayofanywa kwa upendo hurithiwa na wajukuu.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, aliwakumbuka wanawake wanaobeba kila siku mzigo wa nyumba na malezi ya watoto bila kutambuliwa ipasavyo, hata na jamaa zao wenyewe. Sheria ya nchi yetu nayo, ile ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, inahesabu kazi ya nyumbani, ulezi wa watoto na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali. Tena inakataza kuuza mali ya ndoa bila mwenzako kukubali.

Lakini akina mama, msipige makofi mapema. Nilimuuliza mke yule, "Je, unajua mumeo analala wapi?" Hakujua kwamba hulala mchana katika chumba kimoja na wenzake watatu, baada ya kukesha langoni na baridi. Naye pia hakuwahi kuuliza. Alikuwa akingoja pesa tu.

Basi, fanyeni mambo matatu:

1. Tembeeni pamoja mahali mwenzako anapotolea jasho. Mkishindwa kwenda, mwulize naye akueleze.

2. Tamka neno "asante" kwa kinywa, na mbele ya watoto. Usidhani mwenzako anajua.

3. Msiuze wala kubomoa kilichojengwa kwa jasho la wawili kabla ya kukaa chini, kuzungumza na kusali.

Kipande kile hakikuuzwa. Krismasi iliyofuata mume alipata likizo akachimba tuta la tano. Mkewe alinieleza akicheka kwamba limepinda. Hata hivyo amekwisha kulipanda nyasi.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika Jumuiya Ndogo Ndogo: Ni kazi gani ya mwenzangu ambayo sijawahi kumshukuru? Tunajenga nini ambacho watoto wetu watakikuta?

Tuombe: Ee Mungu, Mtakatifu Yosefu alifanya kazi ya mikono, na Maria akaitunza nyumba ya Nazareti. Tufumbue macho tuone jasho la wenzetu, nawe ujenge pamoja nasi, tusijisumbue bure. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.