Bei Siyo Thamani

Mwaka 1958 mchoro wa Yesu uitwao Salvator Mundi uliuzwa London kwa pauni 45. Mwaka 2017 kampuni ya Christie's iliutembeza Hong Kong, San Francisco na London, kisha ikaunadi New York pamoja na sanaa za kisasa, maana huko ndiko hela zinakomwagwa. Ukaenda kwa dola milioni 450! Sawa, ulishasafishwa na kupewa jina la Leonardo, japo wataalamu bado wanabishana. Lakini je, sala mbele yake imekuwa nzito zaidi? Bei ni kile mtu anachotoa leo. Thamani haingoji mnunuzi. Yesu mwenyewe aliuzwa vipande 30 vya fedha. Kijana mwenzangu, nawe unayejipima kwa laiki na wafuasi: nani anakupangia bei?