Bibi Amesema Niishie Hapo

Nilipokuwa nafundisha Murungu, wilayani Kibondo, niliwapa watoto wa darasa la sita kazi ya nyumbani: muulize mzee mmoja, kisha andika habari za ukoo wako, ukurasa mmoja. Niliona nafanya jambo jema. Si tunaambiwa mwacha asili ni mtumwa?

Madaftari yakarudi. Mvulana mmoja aliandika kwamba baba wa babu yake alikwenda Tanga kukata mkonge, akarudi na baiskeli na kikohozi. Nilifurahi sana. Waha wengi walipita njia hiyo wakati wa Mwingereza, wakaitwa manamba, kwa zile namba walizopewa. Kitukuu amemrudishia mmoja wao jina.

Binti mmoja yeye akaleta sentensi mbili: "Babu yangu alizaliwa. Bibi amesema niishie hapo." Nikampa tatu kwa kumi, na kwa wino mwekundu nikaandika: "Huna juhudi."

Kesho yake bibi mwenyewe akaja. Hakufoka.

"Mwalimu, haya madaftari anasoma nani?"

"Mimi, bibi."

"Na baada yako?"

Sikuwa na jibu.

Kwetu huku, Burundi ni pua na mdomo. Mwaka 1972 watu walivuka wakikimbia kuuawa, 1993 wakavuka tena, 2015 tena. Kambi ya Nduta ilifunguliwa wilaya hii hii. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na watu wameoana. Basi swali "ukoo wenu ulitoka wapi?" kwa mtoto wa kwingine ni insha tu. Kwa mtoto wa mpakani laweza kuwa swali la nani raia na nani mgeni. Bibi yule alikuwa anaficha nini, au kama alikuwa anaficha chochote, sijui. Sikumuuliza.

Sasa tuache kuwafundisha? Hapana. Tukiacha, yule wa mkonge anabaki namba. Ila nimejifunza kwamba kujua ulikotoka ni jambo moja, na kumwandikia mwalimu ni jambo jingine. Habari za ukoo si mali ya anayeandika peke yake. Wamo walio hai, na wana la kupoteza. Shaaban Robert alipoandika maisha yake alikuwa mtu mzima, akachagua mwenyewe aseme nini na anyamaze wapi. Mtoto wa miaka 12 tunampokonya uamuzi huo kwa kumtishia alama.

Kwa hiyo nilibadilisha. Kwanza naandika ya kwangu ubaoni, na nisipotaka kusema naacha mstari mtupu, wauone. Pili, ukurasa uliokunjwa sisomi. Mtoto anauandika kwa ajili yake, siku moja ataamua mwenyewe.

Yule binti nilimfutia ile tatu, nikamwomba radhi. Kabla ya kufunga shule alinikabidhi daftari lake. Kurasa nne zilikuwa zimekunjwa, zimejaa mwandiko hadi pembeni.

Nikaweka vema kwa nje, nikamrudishia.