Je, Kuficha Ugonjwa ni Haya?

Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. ametufundisha ya kuwa haya ni sehemu ya imani, na ya kuwa haya haileti ila heri. Kila Mwislamu anayajua mafundisho hayo. Lakini hapa linazuka swali: mwanamke aliyejifungua akaona mwilini mwake jambo lisilo la kawaida, akalificha miezi mitatu kwa kuona haya, je, amefanya jambo la imani?

Tuchukue mfano wa mama kijana wa Chikongola, mjini Mtwara. Arobaini imepita, naye bado anatokwa na majimaji yenye harufu mbaya, na tumbo la chini linamwuma. Alipokuwa mwali alifundishwa unyagoni kwamba mambo ya wanawake hayasemwi hadharani, na mafundisho hayo yana hekima yake. Sasa hamwambii mumewe wala mama mkwe. Hospitali ya Ligula haiko mbali, lakini anachelea kuulizwa. Tena ameacha kusali, akijihesabu kuwa bado yumo katika nifasi. Hivyo ukimya umemnyima vitu viwili kwa pamoja: afya na Sala.

Kwanza yatupasa kujua hali ya maumbile. Baada ya kuzaa, mji wa mimba hujisafisha. Siku chache za mwanzo hutoka damu nyekundu. Kisha hupauka ikawa ya kahawia. Mwishowe huwa majimaji ya manjano au meupe, na kwa kawaida hukoma katika wiki 4 mpaka 6. Hayo si maradhi. Lakini yakinuka vibaya, au yakifuatana na homa na maumivu ya tumbo, au damu ikizidi hata kulowesha kitambaa kizima katika saa moja, hiyo ni dalili ya hatari, wala haifai kungoja arobaini. Na mwanamke aliyekaa na uchungu muda mrefu, kisha akaanza kuvuja mkojo bila kuweza kuuzuia, huenda ana fistula, yaani tundu lililofanyika kati ya kibofu na uke, kwa sababu kichwa cha mtoto kiliikandamiza nyama mpaka ikafa. Wapo wasemao kuwa hayo ni malipo ya zinaa au kazi ya wachawi. Kusema hivyo ni kumdhulumu mgonjwa. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi.

Sasa tutazame dini. Katika Biblia, kitabu cha Walawi sura ya 12, mwanamke aliyezaa mtoto wa kiume huhesabiwa najisi siku 7, kisha hungoja siku 33; akizaa wa kike, siku hizo huwa maradufu; na mwishoni humpelekea kuhani sadaka ya kuteketezwa na sadaka ya dhambi. Islam haikumwekea mzazi kafara yoyote. Nifasi ni udhuru tu. Damu ikikoma mapema, mwanamke huoga na kusali siku hiyo hiyo. Kikomo chake kwa wanazuoni wengi ni siku 40, na wafuasi wa Imamu Shafii, walio wengi katika pwani yetu, husema 60. Damu ipitayo kikomo hicho, kama si hedhi, ni istihadha.

Fatima binti Abi Hubaish r.a. alimwendea Mtume s.a.w. akamweleza kuwa damu yake haikomi, akamwuliza kama aache Sala. Mtume s.a.w. akamjibu kuwa asiache, kwani hiyo yatoka katika mshipa, wala si hedhi. Tazama! Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita mwanamke aliuliza jambo hili waziwazi, wala hakukemewa. Naye akaelezwa kuwa ni hali ya mwili, si dhambi wala laana. Basi mwenye istihadha, na mwenye kuvuja mkojo pia, hujisafisha, hutawadha kwa kila Sala, na kusali. Na majimaji yasiyo damu, baada ya nifasi kwisha, hayamzuii mtu Sala.

Tena imepokewa kuwa Sahaba mmoja alijeruhiwa kichwa, akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ila aoge. Akaoga, akafa. Mtume s.a.w. alipopata habari alikasirika sana, akasema kuwa wamemwua; kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui? Dawa ya ujinga ni kuuliza. Basi asiyejua akatoa hukumu juu ya mgonjwa, hubeba dhima kubwa.

Huenda mtu akasema: "Lakini haya ni sehemu ya imani." Ni kweli. Nasi twajibu kwa maneno yale yale ya Mtume s.a.w.: ikiwa haya haileti ila heri, basi kinacholeta maradhi, na pengine mauti, si haya. Hiyo ni hofu ya watu iliyovaa nguo ya haya. Haya ya kweli ni kujizuia na yale anayoyachukia Mungu, na Mungu hachukii kuulizwa kwa ukweli. Ndiyo maana Hadhrat Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao.

Wala kwenda kwa daktari hakupingani na kumtegemea Mungu. Hadhrat Maulana Nuruddin r.a., Khalifa wa kwanza wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alikuwa tabibu mashuhuri, aliyewahi kumtumikia Maharaja wa Jammu na Kashmir. Aliomba dua na alitoa dawa.

Mzigo huu si wa mwanamke peke yake. Mume asiyeuliza hali ya mkewe aliyejifungua, au anayemcheka, ndiye anayemfunga mdomo. Na amwulize leo, kwa upole, kisha afuatane naye hospitalini. Mwenyezi Mungu atujalie haya iletayo heri, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.